Habu ya Mbele: Ifungue Nyumbani, Usiigonge Nyumbani

Wewe uliye kwenye foleni, wewe unayeosha gari uani, wewe mama unayemngoja kijana awashe gari mwende sokoni, nyote karibuni. Leo tunaingia chini ya gari, upande wa mbele, palepale tairi linapofungwa. Tunazungumzia habu na beringi yake: utajuaje kwamba imechoka, utaitoaje ukiwa nyumbani kwako, na utairudishaje nyingine ikakaa miaka, isianze kulia tena kabla msimu haujageuka.

Neno langu la leo ni moja, na nitalirudia mpaka mlizoee: kufungua habu unaweza nyumbani, lakini beringi haigongwi kwa nyundo. Fungua nyumbani, peleka kwenye presi, rudi nyumbani ufunge. Basi.

Tuanze na sikio. Gari lako linavuma? Siulizi mlio wa injini. Nauliza ule mvumo unaoanza ukifika kilomita 50 au 60 kwa saa, mithili ya ndege inayopita mbali, unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta. Ukitoa gia ukaliacha gari lijiendee, injini inatulia lakini mvumo uko palepale. Ukiusikia huo, jua kitu kinachozunguka pamoja na tairi kina taabu.

Sasa upande gani? Tafuta barabara pana, tupu, iliyonyooka. Ukiwa kwenye mwendo unaotoa mvumo, pinda usukani kidogo kulia, kisha kidogo kushoto, taratibu. Gari likipinda kulia, uzito unalalia tairi la kushoto. Kwa hiyo mvumo ukizidi unapopinda kulia, mgonjwa ni wa kushoto. Ukizidi unapopinda kushoto, mgonjwa ni wa kulia. Narudia, maana hapa wengi hubadilisha upande mzima wakaacha mbovu: ukizidi kulia, angalia kushoto.

Lakini ngoja. Tairi lenyewe nalo linaweza kuvuma. Pitisha kiganja juu ya tairi, mbele na nyuma. Ukihisi mawimbi, kwamba limelika hapa likaacha pale, hamisha matairi ya mbele yaende nyuma kabla hujanunua spea yoyote. Sauti ikihama nayo, umeokoa pesa yako. Isipohama, pandisha gari kwa jeki, shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwombe mtu achungulie nyuma yake: kinachocheza ni habu, au ni bolijointi? Kisha fanya jambo moja ambalo mafundi wazuri hulifanya kimyakimya. Weka mkono mmoja kwenye springi ya shokapu, mkono wa pili uzungushe tairi. Beringi nzima haikuambii kitu. Beringi iliyochoka inatuma mtetemo mdogo, mkavu, unaupata kwenye vidole kupitia springi. Fanya hivyo pande zote mbili ulinganishe. Vidole havidanganyi.

Kwa nini beringi zinakufa? Mashimo ya barabara yanachangia, hilo kila mtu analijua. Maji nayo ni adui mkubwa ambaye hatumtaji vya kutosha. Mtu anapita Jangwani, pale Dar es Salaam, wakati wa masika, maji yamefika katikati ya tairi, anavuka, anashukuru Mungu injini haikuzima, anaendelea na safari. Lakini beringi ilikuwa ya moto, ikatumbukia ghafla kwenye maji ya baridi. Hewa iliyo ndani inasinyaa na kuvuta unyevu kupitia sili. Grisi inaharibika, kutu inaanza pole pole, na miezi inapita kabla hujasikia sauti. Wakati huo umeshasahau siku uliyovuka. Nao vijana wanaoweka speisa ili tairi litokeze nje ya bodi, wajue wanaipa beringi mzigo ambao haikuundiwa.

Sasa tuifahamu habu yenyewe. Chukua gari tunaloliona kila kona: Toyota IST ile ya kwanza iliyotoka Japani mwaka 2002, au Vitz ya mwaka 1999. Nyuma ya diski ya breki kuna pande la chuma tunaloliita nako. Nako ina tundu la duara. Ndani ya tundu hilo imesukumwa beringi kwa nguvu nyingi. Ndani ya beringi imesukumwa habu, ile yenye stadi nne zinazoshika rimu. Na katikati ya habu inapita shafti kutoka kwenye gia boksi, ikafungwa kwa nje na nati moja kubwa. Vitu hivyo vimebanana hasa; hakuna kinachotoka kwa mkono.

Si magari yote yako hivyo. Subaru Forester za kuanzia mwaka 2008, kwa mfano, habu na beringi huja kitu kimoja, kinafungwa kwa bolti nyuma ya nako. Mwenye gari la namna hiyo anamaliza kazi yote nyumbani. Mwenye Land Cruiser ya toleo la 70 naye ana mambo yake: beringi mbili, grisi ya kupaka, na nati ya milimita 54 ya kurekebishia. Hiyo ina siku yake. Leo niko na wenye magari madogo, kwa sababu ndio wengi, na ndio wanaogongewa zaidi.

Haya, uko uani. Kabla ya spana, angalia ardhi. Ni mchanga? Weka ubao mpana chini ya jeki. Tairi za nyuma ziwekee kabari, breki ya mkono ivute. Na nisikilizeni vizuri hapa, hasa ninyi kaka zangu mnaotumia matofali. Tofali la saruji halifai kushikilia gari. Haliinami kwanza likakuonya. Linapasuka ghafla, na gari linashuka lote. Nunua stendi, azima stendi, kodi stendi; kama huna, kazi isianze. Na ukishalitoa tairi, lilaze chini ya ubavu wa gari, liwe akiba ya mwisho. Watoto wasicheze karibu.

Nati kubwa ndiyo huwashinda wengi. Kwenye IST na Vitz inahitaji soketi ya 30. Kwanza itazame: ukingo wake umebonyezwa ndani ya mfereji wa shafti ili isijifungue. Chukua tindo nyembamba, inua ule ukingo taratibu bila kukwaruza nyuzi. Ukilazimisha kuifungua bila kuinua ukingo, unaharibu nyuzi za shafti, na shafti ni ghali kuliko beringi. Kisha mtu akanyage breki, wewe vuta kwa soketi na bomba refu. Iregeze tairi likiwa bado chini, ndipo upandishe gari.

Hapa kuna siri ambayo ningependa ifike kila gereji. Nati ile haishiki shafti tu. Inabana maduara mawili ya ndani ya beringi yakae pamoja. Ikiwa imeregea, halafu uzito wa gari ukaangukia tairi lile, beringi inaumia, hata kama ni mpya. Leo beringi yako inakwenda kutupwa, kwa hiyo haidhuru. Lakini siku utakapobadilisha buti la shafti, beringi ikiwa nzima, usiliache gari likalala au likasukumwa nati ikiwa imeregea. Watu wengi wameua beringi nzima kwa kulisukuma gari hatua chache tu uani.

Tuendelee. Toa tairi. Fungua bolti mbili za nyuma zinazoshika kalipa, itoe pamoja na pedi zake, uifunge kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwa mpira wa breki. Mpira unaumia kwa ndani ambako huoni. Diski ikigoma kutoka, itazame usoni: ina matundu mawili madogo yenye nyuzi. Weka humo bolti za milimita 8, kaza moja kidogo, kisha nyingine kidogo, diski itasogea yenyewe bila kelele. Kama kuna sensa ya ABS, fungua bolti yake ndogo uitoe. Usivute waya. Ikiwa imeshikwa na kutu, pulizia mafuta ya kulegeza, kaa, kunywa chai, kisha izungushe kushoto na kulia mpaka ikubali.

Tairodi: nyoosha pini, itoe, fungua nati, halafu piga nyundo kwenye ubavu wa mkono wa nako, pale tairodi inapoingia. Usipige nyuzi. Mapigo mawili matatu ya uhakika, inashuka. Hapa nyundo ina kazi yake halali, sikatai. Bolijointi ya chini nayo iachie. Sasa bolti mbili kubwa za shokapu: kabla hujazigusa, chora mstari kwa rangi kati ya shokapu na nako, ili wakati wa kurudisha uikalishe palepale. Nati ya katikati iache imeshika nyuzi chache tu, gonga kwa nyundo ya mpira mpaka shafti ilegee, kisha iondoe uivue nako kutoka kwenye shafti. Shafti yenyewe usiivute kuja nje. Jointi yake ya ndani inaweza kuachana, na hapo umejiongezea kazi. Ifunge kwa waya ikae imenyooka.

Umefika. Mkononi una nako nzima na habu yake. Itie kwenye gunia pamoja na beringi mpya na saklipu mpya, ile pete inayoizuia beringi isitoke kwenye nako, twende kwenye presi.

Presi iko wapi? Dar es Salaam, Gerezani hutaikosa. Nairobi, ulizia Kirinyaga Road. Kampala, Kisekka. Na hata mji mdogo, palipo na karakana ya kuchonga vyuma au gereji ya malori, mara nyingi ipo. Unafika, unamsalimia fundi, anaitazama, anakwambia: "Bosi, hii wala haihitaji presi. Tunaigonga kidogo tu, inakaa."

Mjibu kwa heshima. "Fundi wangu, nakushukuru, ila mimi naomba presi. Nitalipia."

Kwa nini uwe mgumu hivyo? Kwa sababu ya gololi. Beringi ni duara la nje na duara la ndani, lile la vipande viwili, katikati kuna gololi. Unapoiingiza kwenye nako, kinachobanwa na tundu ni duara la nje. Basi nguvu iende kwenye duara la nje tu. Ukisukuma duara la ndani, nguvu yote inapita kwenye gololi ili ifike nje, na gololi zinaacha alama kwenye njia zake. Nyundo ndiyo mbaya zaidi, maana pigo lake ni la ghafla, na halichagui. Siku ukipata nafasi, ipasue beringi iliyogongwa. Ipanguse grisi, igeuze juani. Utaona vidoa vidogo vinavyong'aa vimejipanga kwenye njia ya gololi, kila kimoja kimepeana nafasi sawa na mwenzake. Kila kidoa ni mahali ambapo gololi moja ilikuwa imesimama nyundo iliposhuka. Siku ya kwanza gari halilii. Fundi analipwa, mnapeana mikono. Kisha vile vidoa vinapanuka kidogo kidogo, na mvumo unarudi. Hapo tunailaumu spea: "Siku hizi beringi ni feki tu." Nyingine ni feki kweli, nitafika huko. Lakini nyingine tumeziua wenyewe siku ya kuzifunga.

Basi simama pale pale, angalia. Kwanza habu inasukumwa itoke. Duara moja la ndani la beringi ya zamani litabaki limeng'ang'ania habu. Linakatwa kwa grenda, polepole, bila kufika kwenye habu yenyewe, halafu linapasuliwa kwa tindo. Fundi avae miwani, nawe usimame pembeni. Kipande cha beringi kikiruka hakibagui. Duara hilo likishatoka, pitisha kucha juu ya shingo ya habu. Kucha ikikwama kwenye mfereji, habu imeshalika, na beringi mpya haitakaa sawa juu yake. Tafuta habu nyingine. Usimwache mtu aichome welda kisha aichonge, wala aitie karatasi ya bati ili ibane.

Saklipu inatolewa, beringi ya zamani inasukumwa nje, tundu la nako linasafishwa mpaka ling'ae. Beringi mpya inaingia kwa kusukumwa duara la nje, na ganda la ile ya zamani laweza kuwa kifaa kizuri cha kusukumia. Ikifika mwisho, saklipu inarudi kwenye mfereji wake. Halafu habu. Sasa mambo yanageuka: habu inaingia kwenye duara la ndani, kwa hiyo duara la ndani ndilo lishikiliwe kwa chini. Narudia. Beringi ikiingia kwenye nako, sukuma duara la nje. Habu ikiingia kwenye beringi, shikilia duara la ndani. Ukikumbuka hilo tu, utamsimamia fundi yeyote.

Na kwa wenye ABS: beringi nyingi za siku hizi zina sili moja yenye sumaku ndani yake. Upande huo unaelekea kwenye sensa. Ikiingia kinyume, taa ya ABS itawaka, na dawa yake ni kununua beringi nyingine. Usiiweke karibu na sumaku yoyote, wala kwenye beseni lenye vumbi la chuma.

Nimeahidi kugusia feki. Zipo, na boksi zuri si ushahidi. Majina makubwa ya Koyo, NSK, NTN na SKF ndiyo yanayoigwa zaidi, kwa sababu ndiyo tunayoyaamini. Tazama maandishi kwenye chuma chenyewe: yawe safi, membamba, yanayosomeka. SKF wana programu ya simu iitwayo SKF Authenticate, unaweza kupiga picha ukaulizia. Na muuzaji asiyetaka kukupa risiti, mwachie beringi yake. Wapo wanaochukua nako nzima ya mtumba kutoka gari lililokatwa, wakafunga bila presi. Si dhambi, na wakati mwingine mfuko hauruhusu vinginevyo. Ila izungushe kwanza dukani, mahali pa kimya, uihisi kwa vidole. Mimi ningenunua beringi mpya kila mara pesa inapotosha.

Tumerudi nyumbani. Kufunga ni kufuata njia ile ile kinyumenyume: shafti kwenye habu, nako kwenye shokapu ukifuata mstari wako wa rangi, bolijointi, tairodi na pini mpya, sensa, diski, kalipa. Sasa nati kubwa, na iwe mpya. Gari likiwa bado juu ya stendi, mtu akanyage breki, ukaze. Kwa Vitz, kitabu cha gari kinasema nyutoni mita 216. Ni kiasi gani hicho? Ni sawasawa na mtu wa kilo 70 kuweka uzito wake wote kwenye bomba, sentimita 31 hivi kutoka katikati ya nati. Sasa fikiria mtu huyohuyo amesimama kwenye ncha ya bomba la mita moja. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya kiasi kinachotakiwa, na bado anarukaruka juu yake. Spana ya kupimia nguvu, ile wanayoiita toki renchi, inaazimika. Iazime. Kama gari lako ni jingine, tafuta kiasi chake, usichukue cha jirani. Ukimaliza, bonyeza ukingo wa nati ndani ya mfereji wa shafti. Baada ya hapo ndipo tairi liguse ardhi, si kabla. Nati za tairi nazo zikaze kwa kuvuka, nyutoni mita 103 kwa gari hilohilo.

Kabla hujawasha gari utoke, kanyaga pedali ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Pistoni ya kalipa hurudi nyuma unapoifungua, na ukanyagaji wa kwanza hushuka mpaka chini. Ukitoka getini kabla ya kufanya hivyo, utaligundua hilo mbele ya bodaboda ya mtu.

Zunguka mtaa mara moja, mwendo mdogo. Rudi, weka kiganja karibu na rimu. Joto la kawaida ni sawa, lakini upande mmoja ukiwa moto sana kuliko mwenzake, fungua uangalie kalipa na beringi. Kisha nenda barabara ile ile uliyosikilizia mwanzo, mwendo ule ule, pinda kulia, pinda kushoto. Kesho yake peleka gari kwenye alaimenti, maana tumegusa shokapu na tairodi. Na baada ya kilomita 100 hivi, zikaze tena nati za tairi.

Muda wangu umekwisha. Juma lijalo saa hizi hizi tutakuwa na shokapu: lini zibadilishwe, na kwa nini zinabadilishwa mbili mbili. Wenye maswali kuhusu habu, tuma ujumbe, utaje gari na mwaka wake, nitayasoma.